Hifadhidata ya ufunguo na thamani ndani ya faili: mwongozo kamili kwa watumiaji wa Python

Skripti nyingi zina tatizo moja: zikimaliza kazi, zinasahau kila kitu. Chukua skripti inayopita kwenye saraka na kukokotoa alama ya SHA-256 ya kila faili (mfuatano mfupi unaotokana na yaliyomo, kama alama ya kidole) ili kugundua faili zilizorudiwa. Mara ya kwanza utangoja, na hilo halina ubaya. Lakini kesho ukiiendesha tena, itasoma upya kila faili, hata zile ambazo hazijaguswa tangu jana.

Wengi hukimbilia JSON: soma faili yote, badilisha kipengele kimoja, andika faili yote tena. Kwa rekodi mia chache hakuna shida. Zikifika laki kadhaa, kila badiliko dogo linakulazimu kuandika upya mzigo mzima, na programu ikikatika katikati ya kuandika, unabaki na nusu ya faili isiyosomeka. Upande wa pili kuna seva ya hifadhidata yenye watumiaji, nywila na mipangilio yake, na kwa skripti ya mistari hamsini huko ni kujitafutia kazi.

Katikati ya hayo mawili kuna jamii ya zana inayoitwa dbm. Ya kwanza iliandikwa na Ken Thompson katika maabara za Bell, ikatoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Vizazi vyake ni ndbm, gdbm ya mradi wa GNU na Berkeley DB, na wazo lenyewe halijabadilika: kamusi inayoishi kwenye diski.

Ufunguo wako unapitishwa kwenye kanuni ya heshi na kugeuka namba, na namba hiyo ndiyo inayoonyesha ni ukurasa gani wa faili unaopaswa kusomwa. Kwa hiyo kutafuta rekodi moja kati ya milioni hakuchukui muda mrefu zaidi sana kuliko kuitafuta kati ya elfu. Gharama yake ni kwamba mpangilio unapotea kabisa. Swali pekee ambalo faili hii inajibu kwa haraka ni "ufunguo huu una thamani gani?" Swali lingine lolote, kama vile "nipe zote zinazoanza na herufi B", linahitaji kupita rekodi zote. Kabla hujaandika hata mstari mmoja, jiulize kama kazi yako inatosheka na swali hilo moja.

Hatua ya 1: Jua maktaba iliyo chini

Moduli ya `dbm` ya Python ni mlango tu. Nyuma yake kuna maktaba tofauti, na ipi itatumika inategemea kompyuta uliyonayo. Jaribu hivi:

```python
import dbm

with dbm.open("jaribio", "c") as db:
    db["salamu"] = "habari"

print(dbm.whichdb("jaribio"))
```

Unaweza kupata `dbm.gnu`, `dbm.ndbm`, `dbm.dumb`, au, kuanzia Python 3.13, `dbm.sqlite3`, ambayo sasa ndiyo inayotangulizwa kwa faili mpya. Hata majina ya faili yanatofautiana. `dbm.gnu` inaandika faili moja yenye jina ulilotaja. `dbm.ndbm` inaongeza vimalizio vyake yenyewe, mara `.db`, mara jozi ya `.dir` na `.pag`. `dbm.dumb` inaacha `.dat` na `.dir`, na pengine `.bak`.

Usilichukulie hili kama jambo dogo. Ukiandika `dbm.open` na kuacha Python ichague, faili iliyotengenezwa kwenye mashine moja inaweza isifunguke kwenye nyingine. Kuna hatari kubwa zaidi kwenye macOS: maktaba ya ndbm inayokuja na mfumo huo ina kikomo cha ukubwa wa thamani ambacho hakijaandikwa popote. Ukikivuka, faili inaharibika, na kuisoma baadaye kunaweza kuangusha programu nzima. Nyaraka za Python zenyewe zinatoa onyo hilo.

Ushauri wangu ni kuitaja maktaba kwa jina. Hapa nitatumia `dbm.gnu`, ambayo kwenye Debian na jamaa zake hupatikana kwa kifurushi cha `python3-gdbm`. Kwenye Windows haipo. Huko tumia `dbm.sqlite3` ikiwa Python yako ni 3.13 au zaidi. Msimbo mwingi utabaki vilevile, isipokuwa mbinu za `firstkey`, `nextkey`, `sync` na `reorganize`, ambazo ni za gdbm. `dbm.dumb` iachie majaribio. Inafanya kazi popote kwa sababu imeandikwa kwa Python tupu, lakini ni ya polepole na haikuundwa kwa michakato kadhaa kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Kufungua

Hoja ya pili unayoipa `open`, ambayo ni herufi, ndiyo inayoamua mambo. `r` ni kusoma tu, na ndiyo inayotumika usipotaja chochote. `w` ni kusoma na kuandika kwenye faili iliyopo tayari. `c` ni kama `w`, ila inatengeneza faili kama haipo. `n` inatengeneza faili mpya tupu kila mara, na kama kulikuwa na ya zamani yenye jina hilo, inafutwa bila kuulizwa swali. Kwenye kibodi, `n` haiko mbali na `c` hata kidogo.

```python
import dbm.gnu as gdbm

try:
    db = gdbm.open("alama.gdbm", "w")
except gdbm.error as kosa:
    print("Imeshindikana kufungua:", kosa)
```

gdbm inaweka kufuli yenyewe wakati wa kufungua: ama mwandishi mmoja peke yake, ama wasomaji wengi bila mwandishi. Atakayekuja wa pili hasubirishwi, anakataliwa papo hapo. Kwenye Linux utaona kosa namba 11, "Resource temporarily unavailable". Ukikutana nalo, usianze kuhangaika na ruhusa za faili. Tafuta kwanza ni mchakato gani umeishikilia faili hiyo. Mara nyingi ni dirisha jingine la Python ulilolisahau wazi.

Hatua ya 3: Kila kitu ni baiti

Hapa ndipo wanaoanza hukwama. Unaingiza maandishi, unatoa baiti:

```python
db["hali"] = "imekamilika"
print(db["hali"])                  # b'imekamilika'
print(db["hali"] == "imekamilika") # False
```

Mstari wa mwisho hautoi kosa lolote. Unasema `False` kimyakimya, na sharti lako la `if` halitimii kamwe. Mbaya zaidi ni `db.get("hali", "haijulikani")`: ufunguo ukiwepo unarudishiwa baiti, usipokuwepo unarudishiwa maandishi. Jizoeze kuandika thamani ya akiba pia kama baiti, `b"haijulikani"`, kisha ubadilishe kwa `.decode()` mahali pamoja tu.

Namba haziingii moja kwa moja kwenye gdbm, hivyo zigeuze maandishi: `db["idadi"] = str(41)`. Wakati wa kutoa, `int(db["idadi"])` inatosha, kwa kuwa `int` inakubali baiti. Kwa rekodi zenye sehemu kadhaa tumia JSON, `json.loads` nayo inapokea baiti bila kulalamika.

Hatua ya 4: Buni funguo kwa makini

Hakuna majedwali humu. Faili ina funguo tu, zote katika kapu moja, kwa hiyo ukitaka kuweka aina mbili za rekodi, zitenganishe kwa kiambishi mwanzoni: `faili:` kwa rekodi za faili, `meta:` kwa taarifa za hifadhidata yenyewe. Weka `meta:toleo` tangu siku ya kwanza. Siku utakapobadilisha umbo la rekodi, skripti itasoma namba hiyo na kujua inashughulika na data ya zamani au mpya.

Ukiunganisha sehemu mbili ambazo urefu wake haujulikani, angalia kitenganishi. Nukta mbili inaweza kuwemo ndani ya jina la faili kwenye Linux. Baiti ya sifuri, `b"\0"`, haiwezi kuwemo kwenye njia ya faili, na gdbm haisumbuliwi nayo kwa sababu inahesabu urefu wa ufunguo badala ya kutafuta mwisho wake.

Hatua ya 5: Skripti yenyewe

Wazo ni rahisi. Ufunguo ni njia ya faili. Thamani ni ukubwa, muda wa badiliko la mwisho, na alama. Kama ukubwa na muda havijabadilika, hakuna haja ya kusoma faili tena.

```python
import dbm.gnu as gdbm
import hashlib, json, os, sys

def alama_ya(njia):
    with open(njia, "rb") as f:
        return hashlib.file_digest(f, "sha256").hexdigest()

def kagua(db, mzizi):
    for saraka, _, majina in os.walk(mzizi):
        for jina in majina:
            njia = os.path.abspath(os.path.join(saraka, jina))
            if os.path.islink(njia) or not os.path.isfile(njia):
                continue
            ufunguo = b"faili:" + os.fsencode(njia)
            try:
                hali = os.stat(njia)
                ya_zamani = db.get(ufunguo)
                if ya_zamani is not None:
                    r = json.loads(ya_zamani)
                    if (r["ukubwa"] == hali.st_size
                            and r["muda"] == hali.st_mtime_ns):
                        continue
                rekodi = {"ukubwa": hali.st_size,
                          "muda": hali.st_mtime_ns,
                          "alama": alama_ya(njia)}
            except OSError as kosa:
                print("Nimeruka", ascii(njia), kosa.strerror,
                      file=sys.stderr)
                continue
            db[ufunguo] = json.dumps(rekodi)

if __name__ == "__main__":
    with gdbm.open("alama.gdbm", "c") as db:
        db["meta:toleo"] = "1"
        kagua(db, sys.argv[1])
```

`hashlib.file_digest` inahitaji Python 3.11. Angalia pia `os.fsencode`. Kwenye Linux jina la faili ni baiti tu, na hakuna anayehakikisha kwamba ni UTF-8 halali. Ukitumia maandishi ya kawaida kama ufunguo, jina moja tu lililonakiliwa kutoka diski ya zamani linaweza kuangusha skripti ikiwa imeshapita faili elfu arobaini. `os.fsencode` inarudisha baiti zilezile zilizotoka kwenye mfumo, na `ascii` kwenye ujumbe wa kosa inazuia jina hilohilo lisiangushe amri ya `print`.

Na faili ya `alama.gdbm` iweke nje ya saraka unayoikagua. Ikiwa ndani, skripti itaikokotolea alama huku ikiiandika, na alama hiyo itakuwa imepitwa na wakati kabla haijahifadhiwa.

Hatua ya 6: Kupita rekodi zote na kusafisha

Faili zikifutwa kwenye diski, rekodi zake zinabaki. Unaweza kutumia `db.keys()`, lakini inarudisha orodha ya funguo zote kwa mpigo, na zikiwa nyingi zitajaza kumbukumbu. gdbm inakupa njia ya kwenda moja baada ya moja:

```python
def safisha(db):
    zilizopotea = []
    k = db.firstkey()
    while k is not None:
        if k.startswith(b"faili:"):
            if not os.path.exists(os.fsdecode(k[6:])):
                zilizopotea.append(k)
        k = db.nextkey(k)
    for k in zilizopotea:
        del db[k]
    if zilizopotea:
        db.reorganize()
```

Kwa nini tusifute papo hapo ndani ya mzunguko? Kwa sababu kufuta kunapanga upya yaliyomo kwenye jedwali la heshi, na `nextkey` inaweza kuruka baadhi ya funguo bila kukuambia. Kusanya kwanza, futa baadaye.

`reorganize` inahitajika kwa sababu faili ya gdbm haipungui yenyewe. Nafasi ya rekodi zilizofutwa itatumiwa na rekodi zijazo, lakini ukubwa wa faili unabaki palepale hadi uiamuru ijipange upya. Usiiite kila dakika, kwani inaandika upya faili nzima. Na kabla ya kuendesha `safisha`, hakikisha diski ya nje imeunganishwa. Ikiwa haipo, kila faili iliyomo itaonekana imepotea, na kazi yote ya kukokotoa itaanza upya.

Vipi kuhusu kutafuta faili zilizorudiwa? Kishawishi ni kuongeza rekodi za upande wa pili: `alama:` ikifuatiwa na heshi, na thamani yake iwe orodha ya njia. Mimi singefanya hivyo. Kila faili ingehitaji kuandikwa sehemu mbili, na dbm haina namna ya kusema "zote mbili ziandikwe au isiandikwe hata moja". Umeme ukikatika katikati, rekodi hizo zinaanza kupingana, na huna tena pa kuuliza ipi ni ya kweli. Ni afadhali kupita rekodi zote mara moja na kujenga kamusi kwenye kumbukumbu:

```python
from collections import defaultdict

def rudufu(db):
    makundi = defaultdict(list)
    k = db.firstkey()
    while k is not None:
        if k.startswith(b"faili:"):
            makundi[json.loads(db[k])["alama"]].append(os.fsdecode(k[6:]))
        k = db.nextkey(k)
    return [njia for njia in makundi.values() if len(njia) > 1]
```

Hatua ya 7: Skripti zaidi ya moja

Tuseme skripti mbili zinaongeza kihesabu kimoja. Kila moja inasoma 41, inaongeza moja, inaandika 42. Hesabu moja imepotea. Kufuli ya gdbm inazuia waandishi wawili kufungua faili pamoja, lakini kwa kuwa inakataa badala ya kusubirisha, itakubidi uandike mzunguko wa kujaribu tena. Baadhi ya maktaba nyingine hazina hata kufuli hiyo.

Suluhisho linalofanya kazi kwa maktaba yoyote kwenye Linux na macOS ni faili ya kufuli iliyo pembeni:

```python
import fcntl
from contextlib import contextmanager

@contextmanager
def kwa_zamu(jina):
    with open(jina + ".kufuli", "w") as kufuli:
        fcntl.flock(kufuli, fcntl.LOCK_EX)
        with gdbm.open(jina, "c") as db:
            yield db

with kwa_zamu("hesabu.gdbm") as db:
    db["ziara"] = str(int(db.get("ziara", b"0")) + 1)
```

Kinachobeba kila kitu hapa ni mpangilio: kufuli kwanza, kufungua baadaye, kufunga hifadhidata kwanza, kuachia kufuli baadaye. Watu hufungua hifadhidata kisha ndipo huweka kufuli juu ya faili hiyohiyo, na kwa macho inaonekana sawa. Kasoro ni kwamba maktaba inapofungua faili inaweza kuwa imeshasoma kurasa za mwanzo na kuzishika kwenye kumbukumbu. Ukipata kufuli baada ya mwenzako kumaliza kuandika, kurasa ulizoshika ni za zamani, na ukiandika utafuta kazi yake. Kosa la namna hii halionekani kwenye majaribio, kwa sababu linahitaji michakato miwili igongane kwa sehemu ndogo ya sekunde. Angalizo: `flock` ni makubaliano tu, hivyo skripti yoyote isiyopitia `kwa_zamu` itapita bila kuzuiwa na kufuli hiyo.

Hatua ya 8: Kukatika, nakala na kuhama

Usihesabu kwamba kila `db[k] = v` imeshafika kwenye diski. Katika kazi ndefu, ita `db.sync()` kila baada ya rekodi elfu kadhaa. Kuna pia herufi `s` ya kuongeza wakati wa kufungua, `"cs"`, ambayo inalazimisha kila badiliko liandikwe mara moja. Ni salama zaidi, na kasi inashuka sana.

Kama unajenga hifadhidata yote upya kutoka kwenye chanzo, usiiguse iliyopo. Fungua `alama.gdbm.mpya` kwa `n`, ijaze, ifunge, halafu `os.replace("alama.gdbm.mpya", "alama.gdbm")`. Ndani ya saraka moja, badiliko hilo hutokea kwa mkupuo: msomaji ataona ya zamani kamili au mpya kamili. Kwa ndbm yenye faili mbili ujanja huu hauna dhamana, kwa sababu huwezi kubadilisha majina mawili kwa pigo moja.

Kunakili faili huku ikiandikwa kunakupa nakala ambayo huenda isifunguke. Shika kufuli kwanza. Ukihamia kompyuta ya aina tofauti, usibebe faili yenyewe, kwa kuwa umbo lake linafuata mpangilio wa baiti wa mashine iliyoiandika. Tumia amri zinazokuja na gdbm:

```
gdbm_dump alama.gdbm alama.txt
gdbm_load alama.txt alama.gdbm
```

Kuhusu shelve

Moduli ya `shelve` inakaa juu ya dbm na kukuruhusu kuhifadhi karibu kitu chochote cha Python, kwa kukigeuza kuwa baiti na `pickle`. Inavutia, lakini ina mitego miwili. Ukiandika `s["orodha"].append(5)`, badiliko linapotea, kwa sababu ulichoongezea ni nakala iliyo kwenye kumbukumbu. Lazima utoe orodha, uiongeze, uirudishe. `writeback=True` inatatua hilo kwa kushika kila ulichogusa hadi utakapofunga, na kufunga kunaweza kuchukua muda. Mtego wa pili ni wa usalama: kufungua `pickle` kutoka kwa mtu usiyemwamini ni sawa na kuendesha msimbo wake. Kwa data ya kawaida, JSON inatosha, na lugha nyingine pia zinaisoma.

Wakati wa kuhama

Ukianza kutamani kupanga rekodi kwa ukubwa, kuuliza kwa masafa, au kubadilisha rekodi mbili kwa pamoja, dbm imefika mwisho wake. LMDB, maktaba nyingine ya ufunguo na thamani, inahifadhi funguo kwa mpangilio na inaruhusu wasomaji wengi wakati mwandishi mmoja anaandika. Kwa skripti nyingi, hata hivyo, SQLite iko ndani ya Python tayari, na kuhamisha data ni kazi ya mistari michache:

```python
import sqlite3

def rekodi_zote(db):
    k = db.firstkey()
    while k is not None:
        if k.startswith(b"faili:"):
            r = json.loads(db[k])
            yield k[6:], r["ukubwa"], r["muda"], r["alama"]
        k = db.nextkey(k)

sq = sqlite3.connect("alama.sqlite")
with gdbm.open("alama.gdbm", "r") as db, sq:
    sq.execute("CREATE TABLE faili (njia BLOB PRIMARY KEY, "
               "ukubwa INTEGER, muda INTEGER, alama TEXT)")
    sq.executemany("INSERT INTO faili VALUES (?, ?, ?, ?)",
                   rekodi_zote(db))
    sq.execute("CREATE INDEX kwa_alama ON faili (alama)")
sq.close()
```

Njia imewekwa kama BLOB, yaani baiti tupu, kwa sababu ileile ya `os.fsencode`. Linganisha idadi ya rekodi pande zote mbili kabla hujaifuta `alama.gdbm`.